Alfajiri ya Ndani ya Friji

Mdogo wangu Vitan ni mwokaji, na mwokaji halioni jua likichomoza. Hilo mlishike, maana balaa lote lilianzia hapo. Wakati mji wetu wa Lipovets unajigeuza upande wa pili kitandani, yeye yuko mbele ya tanuri anakunja banitsa, jibini ndani, siagi juu, na akija kuinua kichwa kumeshakucha na foleni imefika mlangoni. Mimi ndiye ninayeuza kaunta. Naitwa Dimana, dada yake mkubwa, na kama kuna mtu mwenye haki ya kumsema Vitan hapa duniani, ni mimi niliyemfuta kamasi.

Ni mtu mwema. Natanguliza hilo kwa sababu yanayofuata hayampambi. Hana mke wala mtoto, na hajawahi kumwacha mtu atoke dukani na njaa. Ila ana ugonjwa mmoja: haambiliki. Fundi alimwambia ukuta wa ghala umepinda, akamjibu kwamba macho ya fundi ndiyo yaliyopinda. Ukuta ulianguka wakati wa theluji. Akasema theluji ya mwaka ule ilikuwa nzito kupita kiasi. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Vitan lilizikwa zamani.

Kisha akapatwa na kamera. Kuna kundi la wapiga picha hukutana kila Alhamisi jioni ukumbini, pale penye maktaba na jukwaa la ngoma. Wengine hupiga milima, wengine harusi. Hawa wa Vitan hupiga vidudu: panzi, buibui, vipepeo, nyuki akiwa na chavua magotini. Wanalala kifudifudi nyasini, watu wazima na vipara vyao, wakisubiri mende ageuke. Nilicheka sana mwanzoni. Halafu Vitan akanionyesha jicho la nzi limejaa skrini nzima, nikanyamaza. Sikujua Mungu anashona kwa uzi mwembamba namna ile.

Jicho lile lilikuwa limepigwa na Boyan, daktari wetu wa mifugo. Vitan wakati huo alikuwa anahangaika na lenzi ya kawaida aliyoigeuza nyuma mbele na kuifunga kwa gundi ya karatasi. Wanaoanza hufanya hivyo, na inafanya kazi kwa vitu visivyo na miguu. Alhamisi moja akatangaza kwamba sasa amejiweka sawa, anataka kununua lenzi ya kweli ya vidudu. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka trei ya vitumbua vya jibini. Ukumbi mzima ukachangamka, maana hakuna kitu watu hawa wanakipenda kama kumchagulia mwenzao kifaa.

"Wewe Vitan usisumbuke," Boyan akasema. "Chukua ndefu."

"Kwa nini ndefu? Fupi na ndefu zote zinakuza sawa. Nimesoma."

"Zinakuza sawa, sikatai. Lakini fupi inataka uende mpaka vidole vinne na mdudu. Ndefu inakuacha shubiri nzima na ushee. Sisi tunaokwenda alfajiri tunakuta mdudu amekufa ganzi kwa baridi, umande mgongoni, hata ukimpigia chafya hatoki. Wewe unafika mbugani mchana, jua limeshamchemsha. Vidole vinne utavipatia wapi?"

"Nitamsogelea."

"Utamsogelea na kivuli chako, na joto la pua yako, na hiyo harufu ya siagi!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu ni kweli ananuka siagi. Nikamwona Vitan shingo inamwiva nyekundu. Boyan hakuwa na ubaya. Akaongeza kwamba anayo lenzi ndefu ya ziada, ya zamani lakini safi, Vitan aichukue aijaribu kiangazi chote bila kulipa kitu.

"Mimi siazimi macho ya mtu," Vitan akasema. "Na lenzi ndefu ni ya waoga. Anayempenda mdudu anakwenda karibu."

Wakampigia makofi. Maneno matamu kweli, ya kipumbavu. Na mtu akishapigiwa makofi kwa upumbavu wake, kuuacha ni kazi. Kabla ya Alhamisi iliyofuata alikuwa amenunua fupi.

Basi kiangazi kikaanza. Kila siku baada ya kusafisha tanuri alijipakia: kamera, stendi fupi ya kulaza chini, flashi aliyoivalisha kopo jeupe la mtindi ili mwanga usichome, mto wa magoti alioutoa kwenye kiti cha marehemu baba. Anashuka mbuga ya mtoni saa saba mchana, jua la kupasua mawe. Jioni anarudi amechubuka viwiko, na kwenye kamera mna nyasi. Nyasi nzuri, zimenyooka, zinang'aa, ambazo kipepeo ametoka kuziacha sasa hivi.

Alhamisi wakawa wanamngoja kwa hamu.

"Na huyu ni mdudu gani, Vitan?"

"Huyo ameruka."

"Na huyu?"

"Naye ameruka. Bado naizoea lenzi, jamani, mna haraka gani?"

"Hatuna haraka. Wadudu ndio wenye haraka."

Angeweza kusema siku ile, "Boyan, nimekosea, niazime ile ndefu." Maneno machache tu. Wangemtania wiki mbili, yangekwisha. Akaona heri afe.

Katikati ya kiangazi akaleta kipepeo. Mimi sikuwepo lakini mji mzima ulinisimulia. Kipepeo wa buluu, mbawa zimefungwa, ameshika bua la nyasi, na kila unywele wa mwili wake umebeba tone la umande. Unahesabu vumbi la mbawani. Nyuma yake kijani kitupu, laini, kama mtu amemtandikia shuka. Wanasema hakuna aliyetania. Boyan alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Kwa fupi hii?"

"Kwa fupi."

"Lini?"

"Alfajiri."

Boyan akampa mkono. Picha ikachukua zawadi ya kwanza ya maonyesho ya mji, ikachapwa kubwa, ikatundikwa ukutani mbele kabisa ya mlango wa ukumbi, na chini yake kikaratasi: *Alfajiri, mbuga ya mtoni*. Siku ya ufunguzi Vitan alivaa suti. Bibi Gergina, ambaye ni wa kwanza kwenye foleni yangu tangu meno yake yalipokuwa yake, akakisoma kikaratasi kwa sauti ya kuitia mbuzi.

"Alfajiri? We Vitan, alfajiri si unaniokea mimi? Au siku hizi una pacha?"

"Jumatatu tunafunga, bibi."

"Ahaa. Kweli, Jumatatu mnafunga."

Watu wakacheka, mambo yakapita. Mimi nilijua Jumatatu mdogo wangu hulala mpaka mchana, anakoroma mpaka madirisha yanaitikia. Nikajisemea labda kamera imefanya kile kilichomshinda mama yetu. Nilifurahi, nisiwafiche. Nilisimama pembeni ya picha ile kifua mbele, utadhani nimemtaga mimi yule kipepeo.

Aliyekaa mbele ya picha kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa Minka. Huyu alikuwa mshonaji kiwanda cha nguo kilipokuwa hai, mjane wa Lambi mpiga akordioni. Mama mkwe wake amelala kitandani miaka sasa, hajitambui vizuri. Asubuhi yote Minka anamwogesha, anamlisha, anamgeuza. Mchana bibi akisinzia jirani anakuja kuketi naye, na Minka anapata saa moja au mbili zake peke yake katika siku nzima. Saa hizo alizitia kwenye kamera. Alikuwa amefika mbali kwa lenzi ya kugeuza: mbegu, konokono, kuvu wa kwenye mawe, na mishono ya gauni lake la harusi iliyokuzwa ikawa kama kamba za meli. Ila alitaka kitu chenye uhai.

Alikuja dukani wiki ile ile, foleni imeisha, Vitan ametoka nyuma kunywa boza yake, kile kinywaji kizito cha nafaka. Akamwita mwalimu. Vitan alikohoa.

"Mwalimu, nina swali, usinicheke. Kule Plovdiv kuna duka la kamera za mitumba. Mwenye duka anapenda ala za muziki. Kasema nikimpa akordioni ya Lambi atanipa lenzi ya vidudu, nichague moja kati ya mbili alizonazo. Ndefu na fupi."

"Akordioni ya Lambi?" nikaingilia. "Minka, una hakika?"

"Dada Dimana, imekaa ndani ya sanduku tangu tumzike. Lambi mwenyewe alikuwa akisema akordioni isiyopigwa ni fanicha." Akamgeukia Vitan. "Boyan ananiambia ndefu, ndefu, ndefu. Lakini ile picha yako pale ukutani ni ya fupi. Nimeitazama mpaka nimeota. Sasa niambie wewe. Mimi alfajiri siwezi, unanijua hali yangu. Mimi ni wa mchana tu. Fupi itanifaa mchana?"

Nilikuwa nafuta kaunta. Sikuona neno lolote la ajabu katika swali lile. Nilimwona tu Vitan anaizungusha glasi ya boza mkononi, mara hivi, mara hivi. Katika mji mzima hakuna mtu aliyelijua jibu kama yeye. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya jibu lile nusu ya kiangazi.

"Itakufaa," akasema. "Ni moyo tu, Minka. Usiwe na woga."

Minka alifurahi akasahau chenji. Akaenda Plovdiv na sanduku la akordioni kwa basi, akarudi na lenzi fupi ndani ya soksi ya sufi.

Kuanzia hapo, kila mchana mlimwona mbugani. Mwanamke mwenye magoti mabovu anashuka chini kwa awamu, mkono kwanza, goti, goti la pili na kilio kidogo, kisha anatambaa. Kipepeo anaruka. Anainuka kwa awamu zile zile. Anahamia kwa mwingine. Akitoka mbugani anapitia dukani, nyasi kichwani, anauliza.

"Mwalimu, leo pia. Nimemfikia karibu kabisa, nikaona mpaka miguu yake ina mistari, nikavuta pumzi tu, kaenda. Nakosea wapi?"

"Pumzi," Vitan akasema. "Ibane."

Akaibana, akapata kizunguzungu, akaangukia mkono wa kamera. Siku nyingine akamwambia ni rangi ya nguo. Minka akaanza kuvaa koti la mvua la kijivu la Lambi, jua la Agosti. Siku nyingine akamwambia ni sabuni, wadudu wanachukia manukato. Alikuja baada ya wiki, ananuka jivu.

"Nimeacha sabuni kabisa. Hata bibi nimembadilishia, nisije nikabeba harufu yake. Bado wananikimbia tu, mwalimu. Nadhani ni mimi. Kiwandani pia msimamizi alikuwa akisema nina mkono mzito. Lambi naye alinitania hivyo hivyo, kwamba hata paka anajua nakuja." Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Watu wengine hawakupewa. Basi."

"Endelea kujaribu," Vitan akasema, akarudi nyuma haraka, akajifanya tanuri linamwita. Nilimwona mgongo. Nikajua mgongo ule. Ni ule ule aliokuwa nao utotoni akishavunja kitu.

Siku mbili tatu baadaye siagi ya mbele iliniishia, nikaenda kuchukua kwenye friji ya nyuma, ile anayoitumia yeye. Nyuma ya makopo ya mtindi niliona kopo jingine, kifuniko kimetobolewa matundu. Nikafungua. Ndani, juu ya kitambaa kibichi, vipepeo wawili wa buluu, wamekunja miguu, hawatikisiki. Nilipiga kelele iliyomtoa Vitan ghalani na mwiko mkononi.

"Nini hii?"

"Shusha sauti."

"Nauliza nini hii, Vitan! Kwenye friji ya siagi! Mkaguzi wa afya akija nimwambie nini, kwamba tunaoka banitsa ya vipepeo?"

"Hawajafa. Wamelala. Ukiwatoa wakipata joto wanaruka... wengi wanaruka."

Nilimtazama. Nikaitazama chupa ya kunyunyizia ambayo analowanishia unga, imening'inia msumarini. Nikautazama mlango wetu wa nyuma, uliopakwa rangi ya kijani kitupu, laini. Nikaona picha nzima ya ukutani ikijipanga mbele yangu, kipande kwa kipande. Umande wake ni maji ya bomba. Alfajiri yake ni friji. Mbuga yake ni mlango ninaoupiga teke kila siku nikiwa na trei mikononi.

"Wewe," nikasema. Nilikosa tusi la kutosha. "Wewe mtu, na Minka?"

Akakaa juu ya gunia la unga. Uso wake ulikuwa umekwisha. Sijamwona hivyo hata msibani kwa mama.

"Unafikiri sijui?" akasema. "Kila nikimwona anakuja na nyasi kichwani natamani ardhi ipasuke. Nilitaka kusema siku ile ile, Dimana. Nilifungua mdomo. Likatoka lile jingine. Ningemwambia chukua ndefu, angeniuliza kwa nini, ningemjibu nini? Kwamba picha ile ni ya uongo? Mji mzima ulinipa mkono. Boyan alinipa mkono."

"Umemwachisha sabuni mwanamke wa watu!"

"Najua."

"Anajiita mkono mzito. Saa yake moja ya siku, Vitan, hana nyingine, anakwenda kuimalizia magotini akijitukana. Kwa sababu yako."

"Najua, najua. Nipe siku chache."

"Mpaka Jumatano. Utamwambia wewe, au nitamwambia mimi. Na mimi nitamwambia mbele ya Bibi Gergina."

Mnadhani alikwenda kwa Minka? Hata. Jumatatu, kwa mara ya kwanza, aliamka mapema kweli, akapanda basi la Plovdiv. Alidhani ataikomboa akordioni na kuchukua lenzi ndefu, kisha ampelekee Minka vyote kimya kimya na kisingizio fulani, ukweli ubaki umelala ndani ya friji. Mpaka hapo bado alikuwa anatafuta mlango wa nyuma. Alirudi jioni mikono mitupu. Akordioni ilikuwa imechukuliwa na mpigaji wa bendi za harusi, mtu asiyejulikana anakokaa. Ndefu nayo ilikuwa imepata mwenyewe. Alikula supu, mwishoni akaweka kijiko.

"Minka alikuwa amelifunga sanduku la akordioni kwa mshipi wa suruali ya Lambi," akasema. "Mwenye duka kanionyesha mshipi. Bado anao."

Nikaondoa bakuli. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa namwonea huruma, na hivyo viwili havikai vizuri pamoja.

Jumatano Minka hakungoja mchana. Alikuja asubuhi, foleni ikiwa ndefu, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameishiwa na mtindi. Mkononi alikuwa na ile soksi ya sufi. Hakukaa foleni ya watu, alikuja pembeni ya kaunta, akaiweka soksi juu ya kioo taratibu.

"Dada Dimana, mpe mwalimu hii. Mikononi mwake itafanya kazi. Mimi nimeacha, naona nailaza bure. Mwambie asinidhanie vibaya, yeye alinifundisha vizuri, ni mimi tu."

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, Vitan alikuwa ameshatoka nyuma. Sijui alisimama pale muda gani. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka viwikoni, na hakungoja hata kuifuta. Nadhani alijua akiifuta, ujasiri nao utafutika.

"Minka, mimi ni mwongo," akasema.

Bibi Gergina akaondoa kitambaa masikioni.

"Ile picha sikuipiga mbugani. Kipepeo nilimtia kwenye friji akafa ganzi, nikamweka kwenye bua hapo mlangoni nyuma, nikamnyunyizia maji. Sijawahi kumfikia kipepeo mchana kwa lenzi fupi. Hata mmoja. Boyan aliniambia toka mwanzo, nikakataa kwa kiburi. Na uliponiuliza nilijua haitakufaa. Nilijua. Nikakwambia itakufaa kwa sababu niliogopa aibu. Pumzi, koti, sabuni, yote nilikuwa nabuni tu. Nilikwenda Plovdiv kuitafuta akordioni. Haipo tena."

"Huna haya!" Bibi Gergina akasema. "Mtu mzima! Na mimi ulinidanganya, Jumatatu, Jumatatu!"

"Mwizi wa zawadi," mwingine akadakia toka nyuma.

Vitan alisimama. Alikuwa amejiandaa. Nilimwona amejikaza kama mtu anayengojea kofi, na naapa alilitaka. Nami nilitaka alipate. Minka alikuwa anamtazama usoni, midomo inatembea bila sauti, akiyarudia maneno yale kwa ndani.

"Hujawahi kumfikia?" akauliza.

"Sijawahi."

"Hata wewe? Wanaruka?"

"Wanaruka, Minka. Wote."

"Kumbe si mimi," akasema.

Akageuka kwenye foleni. Uso wake ulikuwa umefunguka wote, nikamwona tena yule msichana wa kiwandani aliyekuwa akicheza na Lambi mpaka viatu vikatike. Akainua mikono yake miwili, ile yenye vidole vilivyopinda kwa sindano, akawaonyesha watu.

"Jamani, mmesikia? Si mimi! Mkono wangu hauna kasoro! Ni lenzi!"

Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka huku anacheka, akawa anayafuta kwa mkono wa koti lile la kijivu. Bibi Gergina, ambaye alikuwa ameshika tusi jingine tayari, akalimeza. Kisha Minka akamgeukia Vitan, akamshika mkono juu ya kioo, unga na yote.

"Asante kwa kuniambia, mwanangu," akasema. "Ningekufa najua ni mimi."

Akachukua mtindi wake, akakumbuka pia sabuni, akaniuliza kama tunauza, nikamwambia duka la pili, akaenda. Akordioni hakuitaja. Mpaka leo hajaitaja mbele ya mtu yeyote.

Alhamisi Vitan alikwenda ukumbini akasema yote tena. Akaing'oa picha kwa mikono yake, zawadi akaiweka mezani, akatolewa kwenye kundi, na watoto wa mji wakamwita Friji miezi na miezi. Akamfuata Boyan nyumbani kumwombea Minka ile lenzi ndefu ya ziada. Boyan akamwambia ilikuwa kabatini, imefutwa vumbi, alikuwa bado anamwekea yeye. Hata hilo alilibeba, na lenzi ikamfikia Minka. Bibi Gergina anamsema kila asubuhi ya Mungu, naye anamfungia banitsa yake na kumwambia "ndiyo, bibi", kwa sababu tusi lina uzito wake na yeye mgongo anao.

Asante ya Minka ndiyo iliyomshinda. Akimwona kwa dirishani anavuka barabara, furaha usoni, nyasi kichwani, anaacha alichoshika na kuingia ghalani mpaka aondoke. Kwa hiyo Minka nampimia mimi mtindi, na akiniuliza mwalimu yuko wapi, namwambia ana kazi nyuma.